Naomba ushauri: napika sebuleni kwa watu, wageni wamepoa kama uji wa jana

Habari zenu wapendwa. Nauza majiko ya presha ya umeme hapa Tabata, Dar. Mwenyeji anaalika mashoga zake saba au wanane, napika wakiona, anayetaka anaagiza. Shida ni kwamba kikao kinakuwa kama msiba. Jumamosi niliweka maharage makavu, nikaongea peke yangu nusu saa nzima: kifuniko, mpira, valvu, uniti za LUKU. Wenzangu kimya, macho kwenye simu. Nilipoachia mvuke, pshiii, mama mmoja akakimbilia mlangoni, kanga ikabaki kwenye kochi! Hapo ndipo walipocheka na kuanza kuuliza maswali. Nikauza moja, tena kwa mkopo.

Nafikiria wao ndio wakatekate vitunguu na kukuna nazi, mimi nielekeze tu. Ila naogopa watakula washibe, waage. Na bei niitaje lini, kabla ya kula au baada? Mwenyeji nimpe nini? Mliowahi kufanya hii biashara, mnawachangamshaje wageni bila wao kuona kama wametegwa?