Mtu usiyemjua umwite nani? Naomba turudishe "ndugu"

Fundi cherehani, Mwanga, Kigoma:

Salamu kwenu nyote. Nina miaka 43, sijaolewa, sina mtoto. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyonisukuma kuandika.

Tangu asubuhi hadi nafunga cherehani naitwa mama. Mwenye boda, muuza mgebuka, kijana wa vocha, wote: "Mama, karibu." Najua wananiheshimu. Kwetu Uha kumwita mwanamke mtu mzima kwa jina lake kavu ni kukosa adabu, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini mwaka jana nilikwenda kutibiwa, na binti wa mapokezi, mpole kabisa, akaniuliza kalamu ikiwa juu ya kadi: "Mama nani?" Nikamtajia jina langu. "Hapana mama, mtoto wako wa kwanza anaitwa nani?" Mimi nimeharibikiwa mimba mara mbili. Nilisimama mbele ya foleni nzima sina jibu, na yeye anasubiri, anatabasamu, hajui alichogusa.

Sasa nauliza: neno linalokisia tumbo la mtu ni heshima gani? "Bibi" linakisia mvi, "mzee" vilevile. "Bosi" na "mheshimiwa" yanakisia mfuko, na aliyekuja kwa miguu kutoka Ujiji hayamhusu.

Tulikuwa na neno lisilokisia kitu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, waziri aliitwa ndugu na mfagizi aliitwa ndugu. Mwanamume, mwanamke, mwenye watoto, asiye nao. Siku hizi limebaki kwenye barua, "Ndg.", na kwenye vikao vya chama. Naomba lirudi sokoni na hospitalini. Mnasemaje?

Mstaafu wa reli, Tabora:

Fundi, pole sana kwa hayo mawili. Nimesoma na mke wangu, tukakaa kimya kwanza.

"Ndugu" nalipinga kwa sababu nililiishi. Jukwaani lilikuwa tamu. Stesheni lilikuwa jingine kabisa: "Ndugu, fungua hilo begi." "Ndugu, tiketi yako iko wapi?" Ukiitwa ndugu na mtu mwenye sare, ulijua una kesi. Tangu hapo sikio langu halijalipenda.

Kwetu Unyamwezi heshima imo kwenye salamu yenyewe kuliko jina. Asubuhi rika lako unamwambia "wangaluka". Mkubwa wako, au mtu usiyemjua, unamwambia "mwangaluka", kama vile unawasalimu wengi, kana kwamba amesimama na ukoo wake wote nyuma. Hujamwita baba, hujamwita mama, na ameheshimika. Nimefanya kazi pale Tabora treni inapokatwa, mabehewa ya Mwanza huku, ya Kigoma kule. Abiria wanasubiri saa nyingi, wamechoka, hawajuani. Sikumbuki hata mmoja aliyegomba kwa kuwa ameamkiwa. Waliogomba ni walioitwa: "Bibi, sogea." "Bibi yako nani?"

Dereva wa bodaboda, Kasulu:

Nina miaka 22. Shangazi, samahani, fundi. Hilo la ndugu nimelijaribu. Nilimwita hivyo abiria mmoja mtu mzima, akashuka njiani: "Tumezaliwa tumbo moja mimi na wewe?" Nauli alinirushia.

Kwa hiyo kwangu "mama" ndilo salama, na silisemi kwa kukuhesabia watoto. Nyumbani kila mwanamke wa umri wako ni mama yangu, akinikuta nakosea ananichapa bila kuuliza mtu. Mkituondolea hilo tutabaki na lipi? "Mteja"?

Mwenye duka, Kibirizi:

Wateja wangu wanaovuka ziwa kutoka Kalemie na Uvira, Kongo, wananiita papa, yaani baba, na nina miaka 30. Biashara inakwenda. Mnalikuza jambo.

Fundi cherehani, Mwanga, Kigoma:

Shikamoo mzee wangu wa Tabora. Nakuita mzee kwa kuwa umesema umestaafu, sijakisia. Kumbe kuna watu "ndugu" liliwaingia masikioni kama amri. Sikulijua hilo, nilikuwa sijazaliwa au nilikuwa mtoto mgongoni. Silitetei tena kwa nguvu niliyokuja nayo.

Wa Kibirizi, silikuzi. Wewe papa linakupita kwa sababu halijakuta kidonda. Mwenye kidonda hawezi kumsimulia kila anayeshuka kwenye boti.

Mwanangu wa Kasulu, umeona, nami nimekuita mwanangu kabla sijafikiri. Endelea kuniita mama huko barabarani. Huko neno hilo linanifunga na mimi: ukianguka na pikipiki mbele yangu, mimi ndiye wa kukuokota, siwezi kupita. Nilichelewa kuliona hili, na wewe ndiye umenionyesha. Ninachokataa ni kalamu. La mdomoni linapita, lakini "Mama nani" likiwa ndilo la kuandikwa kwenye kadi, mimi nabaki sina jina hadi nizae. Pale mezani aulizwe jina lake, basi. Hilo sirudi nyuma hata mkinipinga hadi kesho.

Nina msichana ninayemfundisha kushona. Alisikia nikiwasomea wenzangu majibu yenu akaniuliza, je, mteja akiingia yeye amwiteje? Nimemwambia amwamkie kwanza, shikamoo au habari, halafu anyamaze, asubiri mgeni ajitaje mwenyewe. Leo ameingia mwanamke wa makamo na kitenge cha kushona gauni. Msichana akamwamkia, akanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu kidogo hata nikataka kuingilia. Kisha yule mama akajitaja jina lake la kuzaliwa, taratibu, kama mtu aliyelisahau. Tumeliandika kwenye karatasi tukalibandika kwa pini kwenye kitenge chake.