Ushauri: nawafundishaje watoto wa darasa la tatu kuhusu korongo?

Mwl_Mpakani: Habarini wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kagera, upande wa mpakani. Juni 5, Siku ya Mazingira, darasa langu limepangiwa kuonyesha kitu mbele ya wazazi na wageni kutoka wilayani. Nimechagua korongo mwenye taji maana mabondeni huku wapo. Shida ni kwamba nikieleza kwa ubao watoto wanasinzia. Nifanyeje waelewe? Usingizi sipati, mwalimu mkuu ameshaniambia nisimwaibishe. Matusi hapana tafadhali.

Kiti_cha_Mbele: Wa kwanza. Nimekaa.

Bukoba_Kwetu: Anza na bendera ya Uganda, huko mpakani wanaiona kila siku. Yule ndege wa katikati ndiye huyo huyo, kainua mguu mmoja. Waambie wasimame hivyo bila kuyumba uone kama kuna atakayesinzia. Swali langu: Uganda Cranes wakicheza na Taifa Stars, hao watoto wako wanashangilia nani?

Shemeji_wa_Wote: Wanashangilia anayeshinda. Yaani si Stars.

Mama_Chebet: Mwalimu, pole na kazi. Mimi niko Kitale. Tukiwa wadogo, msimu wa kupanda mahindi hao ndege walikuwa wanatua shambani kufukua mbegu, na sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuwafukuza kwa kupiga debe. Jirani akachoka, akachanganya mbegu na dawa. Asubuhi tuliwakuta wamelala kwenye matuta, mbawa wazi. Mama akatukataza kugusa, lakini mbwa wetu alishakula na yeye akafa. Siku hizi nikitaka kuwaonyesha wajukuu tunaenda mpaka Hifadhi ya Saiwa.

Mzee_Wa_Haki: Tatizo ni wazazi. Mtoto anajua katuni zote lakini ndege wa bonde la kwao hamjui. Simu, simu, simu. Enzi zetu tulifundishwa na bibi jioni, na fimbo ilikuwepo.

Daktari_Mifugo: Mwalimu, usianze na maelezo, anza na mwili. Korongo mkubwa ana kimo cha kama mita 1, na akifungua mbawa ni kama mita 2. Chukua futi ya fundi cherehani, mchore ukutani kwa chaki, kila mtoto ajipime naye. Kisha wacheze ngoma yake: anainamisha kichwa, anaruka, anafungua mbawa, anarusha majani juu. Waulize kwa nini anakanyagakanyaga chini anapotembea. Anawashtua wadudu watoke kwenye nyasi awadokoe. Halafu mguu: kidole chake cha nyuma ni kirefu, ndiyo maana korongo wenye taji hulala mitini, wakati korongo wa aina nyingine hawawezi kushika tawi. Hayo yanatosha kipindi kizima. Ila sijaelewa kitu kimoja, kwa nini ukose usingizi kwa ajili ya somo la ndege?

Mwl_Mpakani: Ubarikiwe mkuu, nimenakili yote. Wasiwasi ni wa kawaida tu. Na je, korongo akikataa mahindi siku mbili mfululizo ni kawaida? Ni swali la watoto hilo.

Daktari_Mifugo: Swali la watoto. Mwalimu, huyo ndege yuko wapi?

Kiti_cha_Mbele: Nasogeza kiti.

Mwl_Mpakani: Sawa. Yupo stoo ya jiko la shule. Sikumwiba. Ni kifaranga, mzazi mmoja alimkuta shambani kwake, badala ya kumchinja akamleta shuleni. Nikampa elfu kumi na tano ya soda. Watoto hawajamwona, ila nimeshawaambia kuna mgeni. Jamani, picha ya kitabuni na ndege mwenyewe si kitu kimoja! Tukimaliza maonyesho namwachia aende zake. Na mzazi alishampunguza ubawa, kwa hiyo hata nikimwachia leo hafiki popote.

Wakili_wa_Mtaa: Utamwachia aende, halafu hafiki popote. Umejisoma? Na hiyo elfu kumi na tano ni bei, wiki ijayo atakuletea wawili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haijui soda. Kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, uwe mwalimu uwe askofu. Sasa kati ya hao wageni wa wilayani akiwemo afisa wanyamapori, utakuwa umejikamatisha mwenyewe, kipaza sauti mkononi.

Mwl_Mpakani: Kwani kwenye bustani za wakubwa hawapo? Mbona hao hawaulizwi? Mimi angalau nafundisha.

Kigali_Safi: Hapa Rwanda walijaa hotelini na majumbani kama mapambo. Daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na wenzake wakaanza kuwasajili na kuwakusanya. Wazima walirudishwa Hifadhi ya Akagera. Walioharibiwa mbawa wanaishi Umusambi Village, kwenye bonde lililofufuliwa hapa Kigali, kwa sababu kuruka ndiyo basi tena. Binti yangu nilimpeleka, njiani kurudi akawa ananiuliza ni nani aliwakata. Jiandae na swali hilo, mwalimu.

Fundi_Darubini: Mimi naona chai hapa. Mleta mada, elezea huyo kifaranga. Taji rangi gani? Mashavu?

Mwl_Mpakani: Taji la dhahabu limesimama vizuri, mashavu meupe, na kile chekundu chini ya kidevu.

Fundi_Darubini: Chai ya maziwa na tangawizi juu! Kifaranga cha korongo kichwa chake ni cha kahawia, shavu jeupe hana, taji lenyewe la kubabaisha. Umeangalia picha mtandaoni ukatunga. Akaunti yenyewe ya juzi.

Shemeji_wa_Wote: Nilishaanza kumhurumia ndege wa kwenye simu.

Mzee_Wa_Haki: Nilisema mimi. Simu.

Mwl_Mpakani: Niliandika kifaranga kwa sababu nilijua nikisema ni mkubwa mtanirukia, na mmeniruka. Ni mkubwa. Tena kuna mwingine anakuja kila asubuhi uwanja wa mpira, anasimama kwenye goli la upande wa jikoni, analia mpaka kengele ya namba inapigwa. Sasa hilo nalitunga ili nipate nini?

Mama_Chebet: Huyo ni mwenzake! Hao wakishaoana hawaachani. Mwalimu, umefungia mtu stoo na mke wake yuko golini?

Fundi_Darubini: Mama usilie. Mtunzi hodari huyu, ameona hadithi inalegea akaleta mjane.

Daktari_Mifugo: Iwe chai isiwe chai, mwalimu nijibu: yamekatwa manyoya au kimekatwa kiungo? Manyoya yataota tena akiyabadili. Kiungo hakioti. Usimtupe bondeni usiku, mbwa watammaliza. Mpe maji kwenye beseni pana, mtama, panzi, mchwa. Ziba dirisha, watu wasichungulie, anagoma kula kwa hofu. Na mpigie afisa wanyamapori wa wilaya leo, mweleze kama ulivyotueleza. Siku ya maonyesho mwalike yeye azungumze, watoto wacheze ngoma mbele ya mchoro wao.

Mwl_Mpakani: Ni manyoya, upande mmoja. Namba ya afisa ninayo. Ila mkuu, nikipiga leo atamchukua leo, na maonyesho ni Ijumaa. Nikipiga Alhamisi jioni kuna ubaya?

Wakili_wa_Mtaa: Huyu alishaamua kabla hajafungua uzi. Alikuwa anatafuta wa kumwambia ndiyo.

Daktari_Mifugo: Ubaya upo. Ndege asiyekula siku mbili, Alhamisi ni mbali. Piga leo.

Bukoba_Kwetu: Na swali la Stars hajajibu.

Fundi_Darubini: Aweke picha ya mguu, hicho kidole cha nyuma kionekane pamoja na sakafu ya stoo. Ya leo. Akiweka, namtumia nauli ya kumleta huyo afisa.