Naomba ushauri: mwarobaini kwenye dimbwi, viluwiluwi wanarudi

Habari zenu wanajamii. Naishi Muheza, mkoani Tanga. Nyuma ya nyumba nina dimbwi la kumwagilia mchicha, upana wake kama mita mbili. Sisi maji yake hatunywi, ila bata wanakunywa. Limejaa viluwiluwi, na ukiinama utaona wamelala sambamba na uso wa maji, hawaning'inii kichwa chini kama wale wa shimo la choo. Hao ni anofelesi, mbu wa malaria, na mwanangu mdogo ameshaugua mara mbili tangu masika. Chandarua tunacho, lakini jioni tunapika nje.

Nilitwanga nusu kilo ya mbegu za mwarobaini, nikaziloweka usiku kucha kwenye ndoo ya lita 10, nikachuja kwa kanga kuukuu. Nilisubiri hadi jioni ndipo nikamwaga, maana jua huiharibu dawa hiyo haraka. Siku ya tatu viluwiluwi walikuwa wamezubaa, wengi hawakugeuka mbu. Nilifurahi mno! Siku ya tisa dimbwi likajaa upya. Majani matupu nilishayajaribu kabla, sikuona kitu.

Kwa aliyewahi kufanya hivi: nirudie kila baada ya siku ngapi, na mbegu kiasi gani kwa lita ngapi za maji? Na je, mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa na sabuni ni salama kwa bata? Kulifukia dimbwi siwezi, mchicha ndio unaolipa ada ya shule.

Natanguliza shukrani.