Mmemwacha mdhamini nje ya kesi ya mkopo miaka mitatu, leo mnamlaumu hakimu?

Wakuu, uzi huu una ukali kidogo, mtanivumilia. Mods, msiufiche kwenye jukwaa la sheria ambako watasoma mawakili peke yao. Wanaoumia ni wakopeshaji wadogo na wadhamini walioko huku.

Kaa kwenye benchi la mahakama yoyote ya wilaya hapa Tanzania siku ya kesi za mikopo. Mkopaji kashtakiwa. Mdhamini aliyesaini kila ukurasa na kubandika picha hayumo. Ushahidi unakwisha, mdai anashinda, watu wanapeana mikono. Siku ya kukazia hukumu inagundulika mkopaji hana hata baiskeli, na mwenye mali ni yule mdhamini. Dalali wa mahakama anatumwa kwake. Anapingwa na anashindwa, kwa sababu dikrii (amri rasmi ya mahakama inayotokana na hukumu) haimkamati mtu ambaye hakuitwa wala kusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatosha kumlinda. Hapo ndipo kelele zinaanza: mahakama imehongwa, hakimu mbovu. Hakimu kafanya nini? Wewe ndiye uliyefungua kesi nusu.

Wanaachwaje? Mara nyingi ni uvivu wa kusoma jalada. Afisa mikopo anamkabidhi wakili barua ya madai na taarifa ya akaunti, wakili anaandika hati ya madai kwa kufuata jina lililo kwenye barua. Hati ya udhamini imebaki kwenye kabati la tawi. Kingine ni kushtaki jina la biashara, "Fulani Hardware", wakati jina la biashara si mtu kisheria; aliyekopa ni mwenye duka au kampuni iliyosajiliwa BRELA. Halafu kuna wanaomshtaki mkurugenzi wakati mkataba ni wa kampuni, au kampuni wakati mkurugenzi alidhamini kwa jina lake binafsi. Hivi ni viti viwili tofauti, hata kama anayevikalia ni mtu yuleyule.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo na imo kwenye sheria tangu 1966. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya I, Kanuni ya 9 inasema kesi haitashindwa kwa sababu tu ya kuunganisha au kutounganisha wahusika vibaya. Kanuni ya 10(2) inaipa mahakama uwezo, katika hatua yoyote, kwa kuombwa au kwa hiari yake yenyewe, kumwingiza mtu aliyepaswa kuwemo au ambaye uwepo wake unahitajika ili ugomvi wote uishe mara moja. Lakini utamkuta wakili wa mdaiwa kalala na hoja kwamba kuna mtu hayumo kwenye kesi miezi kumi na minane, kisha anaitoa kwenye mawasilisho ya mwisho kama mchawi anayetoa hirizi.

Msije mkaisoma Kanuni ya 9 kama leseni ya uzembe. Mahakama ya Rufani, katika Revisheni ya Madai Na. 6 ya 2017, ilitofautisha wahusika wa kawaida na mhusika wa lazima. Vipimo ni viwili: kuna nafuu inayoweza kudaiwa dhidi yake kutokana na ugomvi huo, na bila yeye mahakama haiwezi kutoa dikrii yenye nguvu. Akikosekana mtu wa aina hiyo, mwenendo mzima unaweza kufutwa hata mkiwa juu kabisa. Mfano unaojirudia ni nyumba ya rehani iliyouzwa mnadani. Mkopaji anashtaki benki na dalali, anaomba mnada ubatilishwe, mnunuzi kamwacha. Uamuzi ulioripotiwa kwenye Tanzania Law Reports (TLR) 1983 ukurasa wa 103 ulishasema kwamba anayedai ardhi iliyouzwa kwa mtu wa tatu amuunganishe mnunuzi pamoja na muuzaji. Miaka zaidi ya arobaini, na bado watu wanakosea palepale.

Sasa namna ya kumwingiza aliyesahaulika.

Muda mzuri ni kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani. Mdaiwa mpya ana haki ya kuwahoji mashahidi wote, kwa hiyo ukimleta baada ya mashahidi watatu, jiandae kuwaita upya.

Amri ya XLIII, Kanuni ya 2 inataka maombi ya chemba (ya maandishi, yanayosikilizwa ofisini kwa hakimu au jaji) yakiungwa mkono na kiapo. Kanuni hiyohiyo inaruhusu mahakama kupokea maombi ya mdomo ikiona inafaa, au pande zote zikikubaliana, andiko moja lililosainiwa na wote. Jaribuni hayo kwanza! Watu wanakimbilia maombi madogo yenye namba yake, kiapo kinzani na mawasilisho ya maandishi, miezi minne imekwisha kwa jambo ambalo mwenzako angelikubali kwa dakika tano.

Ikibidi kiapo, kiwe cha mtu anayelijua jalada la mkopo. Kitaje tarehe na kiasi cha mkopo, huyo mtu alisaini nini, kwa nini hakuwekwa tangu mwanzo, na unadai nini kwake. Ambatisha mkataba wa mkopo, hati ya udhamini, taarifa ya akaunti, na barua ya madai aliyopelekewa MDHAMINI. Hii ya mwisho inasahaulika sana. Hati nyingi za udhamini zinasema atalipa "akidaiwa". Kama hukumdai, atasema umekuja kabla ya wakati. Kiapo kiwe na uthibitisho unaoonyesha aya zipi anazijua mwenyewe na zipi kaambiwa na nani, na mwishoni paonekane mahali na tarehe kilipoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Maombi mengi hufia hapo, kwenye mistari mitatu ya mwisho.

Ukipata amri, angalia umepewa siku ngapi. Amri isipotaja muda, Amri ya VI, Kanuni ya 18 inakupa siku 14 za kuleta marekebisho. Zikipita, hurekebishi bila ruhusa mpya.

Halafu hati ya madai iliyorekebishwa. Hapa niruhusuni nigombe. Wengi wanaongeza jina kwenye kichwa cha hati, "na Mdaiwa wa Pili", basi. Ndani aya zote bado zinasema "mdaiwa alikopa, mdaiwa hakulipa". Huyo wa pili kafanya nini? Hati isiyoonyesha sababu ya kumdai inamtoa siku ya kwanza kwa pingamizi la awali. Weka aya ya anwani yake, aya ya hati ya udhamini kwa tarehe, aya ya kiwango cha dhamana kama kina ukomo (alidhamini milioni 20, usimdai milioni 35), aya ya barua ya madai, na kwenye maombi ya nafuu useme kama mnawadai kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Kisha wito mpya pamoja na hati iliyorekebishwa vimfikie, naye ana siku 21 za kuleta utetezi. Nakala ya wito wa zamani aliopewa mkopaji haimhusu.

Ukomo wa muda ndio unaoua kimyakimya. Madai ya mkataba ni miaka 6. Kwa aliyeongezwa, usihesabu kwa tarehe uliyofungua kesi dhidi ya mwenzake. Hesabu hadi siku alipoingizwa yeye. Mkopaji kashindwa kulipa Juni 2019, hati ya udhamini inasema mdhamini anawajibika tangu siku hiyo, kesi ikafunguliwa 2022. Ukimkumbuka mdhamini Agosti 2025, umechelewa miezi miwili. Na usichukulie tu kwamba laki mbili alizokuwa analeta mkopaji zimeanzisha hesabu upya kwa mdhamini pia.

La mwisho, Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, ukishtaki halmashauri, shirika la umma au wakala wa Serikali, Mwanasheria Mkuu ni mhusika wa lazima, na kumwacha kunabatilisha mwenendo. Notisi ni siku 90 na kesi ni ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo huwezi kuamka asubuhi ukaiongeza halmashauri kwenye kesi iliyoko wilayani. Hapo unaondoa kesi chini ya Amri ya XXIII kwa ruhusa ya kufungua upya. Ruhusa hiyo iombwe na iandikwe. Ukiondoa bila ruhusa umejifungia mlango. Na hata ukipewa, muda wa ukomo unahesabiwa kana kwamba kesi ya kwanza haikuwahi kuwepo.

Karibuni, lakini msije na "mahakama zetu bwana".

#2
Mleta mada uko sawa ila umekaza kamba mno. Mdhamini si mhusika wa lazima katika kila kesi ya mkopo. Amri ya I, Kanuni ya 6 inampa mdai hiari ya kuwashtaki wote au yeyote kati ya wanaowajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake katika mkataba mmoja. Sheria ya Mikataba nayo inasema wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji mkuu isipokuwa mkataba useme vingine. Mkopeshaji anaweza kumfuata mdhamini peke yake akamwacha mkopaji. Kwa hiyo pingamizi la "mdhamini hayumo, kesi ifutwe" ni uchochoro tu, na mahakimu walikatae.

#3 (mleta mada)
Mkuu hapo sibishani. Hiari ni yako, ila ukiitumia ibebe hadi mwisho: usimwache kwenye kesi halafu umpelekee dalali. Na mdhamini aliyeshtakiwa peke yake asikae kulia. Amri ya I, Kanuni ya 14 inamruhusu kuomba ruhusa ya kuleta notisi ya mtu wa tatu, amvute mkopaji au mdhamini mwenzake achangie au amfidie, humohumo ndani ya kesi.

#4
Ongezeni hili la Mahakama ya Mwanzo, maana mikopo ya vikoba na ya mtaani iko huko, ikiwa haizidi milioni 30. Sura ya 33 haitumiki kule. Wanatumia kanuni zao, Tangazo la Serikali Na. 310 la 1964. Ukienda na maombi ya chemba chini ya Amri ya I utarudishwa dirishani. Na majina yawe kama yalivyo kwenye mkataba, herufi kwa herufi. "Mwajuma" na "Mwajuma binti" nani-nani ni ugomvi mwingine kabisa siku ya kukazia.

#5
Mkopaji akifariki kesi ikiendelea? Tumeambiwa tuandike "familia ya marehemu".

#6 (mleta mada)
Ndugu, familia haishtakiwi. Anayeingia ni msimamizi wa mirathi, kwa Amri ya XXII, na maombi yaletwe ndani ya siku 90 tangu kifo. Ulizeni kwanza kama barua za usimamizi zimeshatolewa na mahakama gani, mpate nakala. Mdhamini aliyekuwemo tangu mwanzo anaendelea kubaki ndani, hivyo msikubali kesi isimame kwake wakati mnamsubiri msimamizi.