Baba kachomwa chanjo mbili siku moja, sasa homa na mwili kuuma. Naombeni ushauri

Binti_Uyole (Jumatano, saa 1:40 asubuhi)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Niko Uyole, Mbeya. Baba yangu ana miaka 67, ana presha na anameza dawa kila siku. Mwaka huu Mungu kamjalia, anakwenda Hija, zimebaki wiki tatu na siku kidogo. Jumatatu mchana nilimpeleka mimi mwenyewe kuchanja. Kachomwa ya homa ya uti wa mgongo mkono wa kulia, na ya mafua ya msimu mkono wa kushoto, zimepishana dakika chache tu. Ya uti wa mgongo ni lazima, bila cheti chake hasafiri. Ya mafua nilimshawishi mimi, kwa sababu mahujaji wengi ninaowafahamu wanarudi na kikohozi cha wiki mbili, na kifua cha baba ni dhaifu.

Tulikaa pale robo saa kama tulivyoelekezwa, tukarudi nyumbani. Jioni alikula vizuri. Ilipofika saa nne usiku mikono yote miwili ikaanza kuuma, akashindwa hata kuvua kanzu. Saa sita akaanza kutetemeka. Wa huku mnajua baridi ya Mei ya Uyole ilivyo. Tukamfunika mablanketi matatu, wapi. Mama akaingiza jiko la mkaa chumbani, tukafunga mlango na dirisha joto lisitoke, ndipo akapata usingizi.

Jana Jumanne homa ilikuwa inapanda na kushuka, mwili unamuuma kila kiungo. Usiku tukarudisha jiko. Leo kaamka kichwa kinamgonga kuliko jana, ana kichefuchefu, anasema chumba kinazunguka. Mama aliyelala naye kichwa kinamuuma pia, nadhani ni kukosa usingizi.

Duka la dawa hapa jirani wanasema tumpeleke achomwe diklofenaki ya maumivu, halafu aanze mseto wa malaria. Kaka yangu aliyeko Iringa ananilaumu kwenye simu kwamba nimemrundikia mzee sindano. Sijalala siku mbili, na kila nikimwangalia baba machozi yananitoka. Hali hii ni ya kawaida? Nimpe nini? Na je, nilikosea kumchanja zote siku moja?

---

Ndizi_za_Tukuyu

Ugonile dada, pole sana. Mimi 2021 nilichoma ile ya Uviko ya Janssen. Usiku wake nilitetemeka mpaka meno yakagongana, mke wangu akataka kuniita bodaboda anipeleke hospitali. Kesho yake mchana ikaachia, keshokutwa nikawa shambani nachuma chai. Mkono ndio uliochelewa, siku nne hivi. Mpe maji mengi na uji. Itapita.

---

Nesi_Makambako

Dada Binti_Uyole, kabla ya mengine yote: kama jiko bado limo chumbani, litoe sasa hivi. Fungua mlango na madirisha. Mtoe baba nje ya kile chumba, na mama pia, wakae penye hewa, wavae makoti. Ukishafanya hivyo ndipo urudi usome yanayofuata.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi, na kila baridi ikiingia huku Nyanda za Juu tunasikia nyumba ambayo watu wamelala na jiko la mkaa hawakuamka. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni, kwa hiyo mtu hajui kama anaivuta. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea.

Sasa soma tena ulichoandika. Kutetemeka Jumatatu usiku, mikono kuuma, homa ya jana: hayo yanafanana kabisa na chanjo. Lakini homa ya chanjo kwa kawaida siku ya pili inaanza kuachia. Baba yako leo kaamka na kichwa kilichozidi na chumba kinazunguka. Na mama yako hakuchanjwa. Kwa nini na yeye kichwa kinamuuma?

Wapelekeni wote wawili kituo cha afya leo hii, msisubiri jioni. Na mkifika, neno la kwanza mwambieni daktari: "Tumelala na jiko la mkaa usiku mbili." Nasisitiza hili kwa sababu kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na gesi hiyo. Kinaweza kusoma 98 na mgonjwa ana hali mbaya. Ukimwambia chanjo tu, atatibu chanjo.

Diklofenaki usikubali. Mwenye presha inaweza kumpandishia, inapunguza nguvu ya dawa zake, na kwa umri wake figo na tumbo navyo vya kuangaliwa. Panadol inatosha.

---

Binti_Uyole

Nesi nimesoma nikatoka mbio. Jiko lilikuwa limo bado, na makaa mekundu. Nimewatoa wote wako kibarazani, nimefungua kila kitu. Mikono inanitetemeka hata kuandika. Tunatafuta bajaji.

---

Mpunga_Kyela

Mungu awatangulie dada.

Nina la kuongeza kuhusu mseto. Je, mzee alishuka Kyela au sehemu yenye mbu wengi siku za karibuni? Nauliza kwa sababu shemeji yangu anaishi mtaa wa Forest hapo Mbeya mjini, alikuja kwetu kusaidia kuvuna mpunga, akarudi, baada ya kama siku kumi akapata homa. Ilitokea kwamba alikuwa amechanja juzi yake, basi nyumba nzima ikasema ni chanjo, wakakaa wanasubiri iishe. Siku ya nne akawa anaweweseka. Alipopimwa, malaria. Chanjo ikabeba lawama ya mbu.

Kwa hiyo mseto usimpe kwa kubahatisha, lakini kipimo cha malaria afanyiwe. Ni tone la damu kidoleni, dakika 15 hadi 20 majibu.

---

Kalenga_Kwetu

Kamwene. Mimi niko Iringa na kwa kweli namwelewa kaka yako. Mzee wa miaka 67 mwenye presha, sindano mbili kwa mpigo, mwili unapambana na vitu viwili. Kwa nini wasingemwachia wiki kati? Siandiki kumuumiza dada, nauliza kwa sababu mama yangu naye ameambiwa achome mbili na mimi nasita.

---

Hujaji_Mwanjelwa

Binti, nilikwenda Hija kabla ya baba yako na nilichanjwa hivyo hivyo. Usijilaumu kwa kumpeleka. Mwaka 2000 na 2001 ugonjwa wa uti wa mgongo wa kundi la W135 ulizuka miongoni mwa mahujaji, wakarudi nao kwenye nchi zao, watu wa nyumbani wakaambukizwa. Ndiyo maana Saudia ikadai chanjo inayofunika makundi manne, na ichomwe angalau siku kumi kabla ya kufika. Kule Mina mnalala hemani bega kwa bega. Mafua yakianza kwenye kona moja, asubuhi hema zima linakohoa. Nimeona wazee waliofika na nguvu zao wakishindwa kupanda gari kwenda Arafa kwa sababu ya kifua. Ulichofanya ni kumlinda mzee wako. Tunamwombea shifaa.

---

Nesi_Makambako

Kalenga_Kwetu, swali lako ni zuri, ngoja nilijibu vizuri wakati tunamsubiri dada.

Mwili wa binadamu kila siku unakutana na vijidudu vingi mno, chanjo mbili haziulemei. Watoto wetu kliniki wakiwa na wiki sita wanapata ya matone na sindano siku moja, na hiyo moja ya sindano ndani yake ina kinga ya magonjwa matano. Kuhusu watu wazima, mwaka 2022 Marekani walichapisha utafiti wa waliochoma nyongeza ya Uviko pamoja na ya mafua siku moja, wakawalinganisha na waliochoma ya Uviko peke yake. Waliochoma zote mbili walipata homa, uchovu na maumivu ya mwili zaidi kwa asilimia 8 hadi 11, kutegemea aina ya chanjo, na mengi yalikuwa mepesi ya muda mfupi. Chanjo za baba yake Binti si hizo zote, lakini picha unaipata: usumbufu unaweza kuongezeka kidogo, haurudufiki.

Na wala chanjo ya mafua ya sindano haimpi mtu mafua. Virusi vyake vimeuliwa. Homa ile ni kinga ya mwili inajifunza kazi.

Sababu ya kuunganisha kwa msafiri ni kalenda. Ya mafua inahitaji kama wiki mbili kinga ikomae. Ukimwambia mzee arudi wiki ijayo, nauli hana, mvua inanyesha, harudi. Lakini mama yako kama hana safari, na moyo wako umesita, anaweza kutenganisha, hakuna kosa. Muulize mchanjaji, mwambie magonjwa yake yote na dawa anazomeza. Na kama ana sukari, siku hizo mbili za homa mpime mara kwa mara kwa sababu homa huipandisha. Dawa zake asiache.

---

Chai_Mufindi

Nami niongeze la mkono kwa sababu wengi tunakosea. Mama yangu alikandwa kwa maji ya moto na chumvi pale palipochomwa, pakavimba zaidi. Kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi kikakamuliwa ndicho kilimsaidia. Na mkono usiufunge kwenye kanga kama umevunjika. Uchezeshe taratibu, hata kupeta mchele kidogo.

---

Binti_Uyole (Jumatano, saa 12:20 jioni)

Wapendwa, tumerudi. Alhamdulillahi.

Nilimwambia daktari habari ya jiko kabla hata hatujakaa. Aliacha kalamu, akaniuliza lilikaa saa ngapi, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa. Baba na mama wote waliwekwa oksijeni ya barakoa kwa saa kadhaa. Mama kichwa kiliacha kabisa. Baba kizunguzungu kimekwisha, kichefuchefu kimekwisha, kabaki na homa kidogo, 37.8. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na kweli hajashuka Kyela tangu Januari. Presha ilikuwa juu kidogo, daktari akasema aendelee na dawa zake.

Kapewa panadol, vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita akihitaji, visizidi vinane kwa siku nzima. Kaniuliza pia uzito wa baba, kwamba wazee wembamba wanapunguziwa. Na kanionya nisimchanganyie na vidonge vya mafua vya dukani kwa sababu vingi vina panadol hiyo hiyo ndani, mtu anazidisha bila kujua.

Nimeulizia dalili za kurudi haraka, naziandika hapa mwingine azikute: kupumua kwa shida, uso au midomo kuvimba, mwili kutoka vipele vya kuwasha. Hizo mara nyingi hutokea ndani ya dakika chache, ndiyo maana ya ile robo saa ya kusubiri. Nyingine ni homa inayopita siku ya tatu, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, na wekundu wa mkono unaozidi kutanuka. Usiku wa manane ukikwama, namba 199 ya Wizara ya Afya hailipiwi.

Nililia njia nzima kurudi. Tulikuwa tunamtia joto baba yetu kwa upendo.

---

Ndizi_za_Tukuyu

Tumshukuru Mungu dada. Nimesoma haya nikiwa nimeketi karibu na jiko letu. Nimeinuka nikalitoa. Mtoto wetu wa miezi minne analala chumba hicho. Nesi, ndaga fijo.

---

Mpunga_Kyela

Na usiku huu utamtia joto vipi? Uyole ni baridi kweli.

---

Nesi_Makambako

Chupa ya plastiki ngumu au ile mipira ya maji ya moto, izungushie kitambaa, iweke miguuni. Soksi, kofia ya sufu, chai ya tangawizi. Akitetemeka mfunike, kutetemeka kukiisha na joto likipanda mpunguzie mablanketi, asiachwe anatoka jasho chini ya matatu. Mkiota jiko, lioteni nje tu, ndani ya nyumba lisiingie kabisa. Hata likifunikwa majivu bado linatoa gesi.

---

Binti_Uyole (Ijumaa, saa 3 asubuhi)

Homa imekwisha tangu jana mchana. Mkono wa kulia bado unamuuma akiuinua, wa kushoto umepona. Leo kaamka kabla yetu sote, kaswali, kaomba ndizi na supu.

Kaka amepiga simu kutoka Iringa. Nilimsomea majibu yenu yote, akanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama mama mkubwa, aliye Makambako na anasafiri na baba, ameshachanjwa. Bado. Tumepanga Jumatatu. Nesi, uko huko huko Makambako, unaweza kunielekeza aende asubuhi au mchana?

---

Nesi_Makambako

Asubuhi, mama yangu. Ale kwanza, avae blauzi ya mikono milegevu, aje na dawa zake kwenye mfuko. Na usiku huo asilale peke yake, mjukuu mmoja alale naye, jiko likiwa nje.