Mjadala: Kukata springi ili kushusha gari, je, ni hiari ya mwenye gari?

Mleta mada:

Wakuu, naweka hoja mezani. Kukata springi ili gari likae chini ni jambo la mwenye gari peke yake, au ni jambo ambalo kila anayetumia barabara ana haki ya kulikataa? Mimi nalikataa, na nitasema kwa nini.

Kwanza naomba sisi tunaopinga tuache hoja moja dhaifu, ile ya kwamba springi iliyokatwa "inakuwa laini". Si kweli. Ugumu wa springi unatokana na chuma chenyewe, unene wa waya, upana wa pete na idadi ya pete zinazofanya kazi. Ukipunguza pete, waya unaojipinda unakuwa mfupi na springi inazidi kuwa ngumu. Yenye pete 6 zinazofanya kazi ikibaki na 5, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Tukikosea hapa, kijana mwenye grinda atatushinda kwa maneno, kisha atakwenda kukata akiamini na mengine yote tuliyosema ni uzushi.

Kilichonifikisha kwenye mada hii ni gari langu mwenyewe. Nililinunua likiwa limetumika, limekaa chini kidogo, linapendeza. Siku ya kubadilisha tairi nikalipiga jeki, gurudumu likaning'inia, nikagusa springi ya mbele. Ikazunguka mkononi kama bangili. Nilikuwa nimeliendesha miezi minne, watoto wangu wamekaa nyuma.

Chukueni mfano wa hesabu. Springi ina urefu wa sentimita 36 ikiwa haijabebeshwa kitu, pete 6, na uzito ulio juu yake unaibana kwa sentimita 12. Gari limesimama, springi ina sentimita 24. Shokapu inaruhusu gurudumu kushuka sentimita 8 zaidi, kwa hiyo hata gurudumu likining'inia springi ina sentimita 32, bado imebanwa kwa 4. Haina pa kwenda. Sasa kata pete moja. Urefu wake unabaki sentimita 30, na kwa kuwa imekuwa ngumu zaidi, uzito ule ule unaibana kwa 10 tu. Gari linakaa kwenye 20, yaani limeshuka sentimita 4, na mwenyewe anafurahi. Lakini shokapu haikukatwa. Gurudumu likining'inia, nafasi ni ile ile ya sentimita 32, na springi ina 30. Sentimita 2 nzima haijashikwa na kitu.

Gari likiruka tuta kwa kasi, au gurudumu la ndani likinyanyuka kwenye kona kali, springi hiyo iko huru. Inaporudi kukaa, hakuna anayejua itakaa wapi. Ikikaa upande, inaweza kusugua tairi, kugonga waya wa kihisi cha breki, au kuliangusha gari upande mmoja katikati ya mwendo.

Mwenye gari lililoshushwa:

Pole mkuu kwa yaliyokukuta, ila usituhukumu wote kwa kosa la fundi mmoja. Langu nililikata miaka mitano iliyopita, kwa diski, polepole, nikimwagia maji chuma kisipate moto. Sikukata pete nzima. Nikalijaribu kwenye jeki: springi imeshikwa. Tangu hapo natembea nalo kila siku.

Na tuseme ukweli: hata kiwandani waya wa springi unasokotwa kisha unakatwa. Tofauti ya mkato wa kiwandani na wangu ni ipi? Gari limeshuka, uzito wake umekaribia ardhi, kwenye kona halilali tena kama lilivyokuwa. Wanaosema ni hatari wengi hawajawahi kulala chini ya gari. Springi fupi za kununua si kila mtu anazimudu.

Mleta mada:

Ndugu yangu, umefanya kwa uangalifu kuliko wengi, na sitakukatalia hilo. Kukata kwa baridi hakuui chuma. Anayekata kwa moto wa gesi ndiye anayeua, na anayepasha springi ikiwa ndani ya gari mpaka ijilegeze yenyewe ni mbaya zaidi. Ugumu wa chuma cha springi unatokana na joto lililopimwa kwa makini. Ukikipasha mpaka kiwe chekundu umefuta kazi hiyo mahali hapo, na kikipoa haraka kinaweza kuwa kikavu cha kuvunjika. Kuhusu kiwandani, waya unakatwa, ndiyo. Ila baada ya mkato springi hupashwa ili kutoa mkazo uliobaki, hupigwa kwa vishanga vya chuma ili ngozi yake istahimili uchovu, kisha hupakwa rangi ngumu. Mkato wako uko wazi. Kutu huanzia hapo, na ufa hupenda kuanzia penye kutu. Umeupaka rangi?

Hilo la kona lina kitu kinachosahaulika. Kwenye gari ambalo shokapu na springi ya mbele ni nguzo moja, ukilishusha, mkono wa chini unaoshika gurudumu unainuka upande wa nje. Uzito unashuka kidogo, lakini kile kitovu ambacho bodi hulalia kinashuka zaidi. Umbali kati ya uzito na kitovu hicho unaongezeka, na nguvu inayolilaza gari inapata wenzo mrefu kuliko mwanzo. Huhisi kulala kwa sababu springi imekuwa ngumu, na kwa sababu ule mpira wa kuzuia shokapu isigonge mwisho tayari umeguswa. Hapo gari linakaa juu ya mpira, si juu ya springi. Ugumu unaruka ghafla, tairi linapoteza mshiko katikati ya kona, wakati ambao dereva amelitegemea.

Turudi kwenye mfano wangu. Kama kabla ya mkato kulikuwa na sentimita 8 za kubonyea, sasa zimebaki 4. Ukipunguza nafasi kwa nusu, springi inatakiwa iwe ngumu mara nne ili imeze pigo lile lile. Mkato wa mfano huu umeleta nyongeza ya asilimia 20 tu. Hapa ndipo springi fupi za kiwandani zinapoachana na zilizokatwa: zimesokotwa upya kwa waya na nafasi nyingine, aghalabu zikiwa na pete za juu zilizokaribiana, ili gari lishuke na springi ibaki imebanwa hata gurudumu likining'inia.

Fundi:

Habari zenu. Nimekaa gereji miaka mingi na nimekata springi nyingi, nisifiche. Siku hizi nakataa.

Kuna jambo hamjaligusa: mwisho wa springi. Zipo ambazo pete ya mwisho imekunjwa ndogo kama mkia wa nguruwe, zipo zilizosagwa ziwe bapa, na zipo zinazoishia wazi zikakaa kwenye kikombe chenye ngazi. Hiyo ya tatu ukiikata unaweza kuizungusha ikakaa tena mahali pake. Mbili za mwanzo ukizikata upande ule, umeondoa kalio la springi. Inakaa kwa ncha. Nimeona vikombe vimetobolewa na ncha hiyo.

La pili ni breki, na hili ndilo lililonifanya niache. Magari mengi ya zamani, na ya mizigo madogo, yana vali nyuma yenye mkono unaoungana na ekseli. Vali hiyo inapima mzigo kwa kuangalia bodi imeshuka kiasi gani. Ukikata springi za nyuma, vali inadhani gari limejaa mzigo, inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Gari tupu, njia ina maji, dereva anakanyaga breki ya ghafla: magurudumu ya nyuma yanafunga kabla ya mbele na mkia unataka kuja mbele. Mteja wangu mmoja alizungushwa hivyo. Alitoka mzima. Nilikuwa nimemkatia springi wiki ile ile, na mkono wa vali sikuugusa.

Sasa niwaulize: mimi nikikataa, mteja anakwenda gereji ya pili na anakatiwa kabla jua halijazama. Kukataa kwangu kunamsaidia nani?

Mchangiaji mwingine:

Naona mnaelekea kwenye marufuku, na hapo naachana nanyi. Ujerumani, gari lililobadilishwa springi bila idhini ya kiufundi linaweza kupoteza kibali cha kuwa barabarani. Lakini hawakumkataza mtu kushusha gari. Walisema: lete, tulipime. Huo ndio utaratibu ninaoutaka. Kwenye mashindano ya magari springi zimekatwa zamani sana, ila na shokapu ikabadilishwa iendane nazo. Tupime matokeo: springi imeshikwa gurudumu likining'inia? Nafasi ya kubonyea imebaki? Mpira wa breki haujavutwa? Taa zinaangalia panapotakiwa? Gari likipita, lipite.

Mleta mada:

Hoja ya kupima naikubali kuliko nilivyotarajia. Lakini vipimo hivyo vinne havitoshi. Ongeza mkato wenyewe, kalio la springi, vali aliyoitaja fundi, na pembe za magurudumu, kwa kuwa tairi za gari lililoshushwa huinama kwa ndani na kulika upande mmoja. Na lipimwe likiwa na watu wanne ndani, si tupu. Nina hakika yakipimwa hivyo, mengi ya yaliyokatwa kwa macho yatakwama. Likikwama, lisirudi barabarani mpaka springi zibadilishwe. Hapo silegezi.

Fundi, umeuliza kukataa kwako kunamsaidia nani. Kungenisaidia mimi. Mtu aliyekata springi za gari langu alikuwa amelipwa na mwenye gari wa kwanza, na huyo alijua. Mimi sikujua, watoto hawakujua, na aliyekuwa akija mbele yetu kila siku hakujua. Hiari ya mwenye gari ilikwisha siku alipoliuza bila kusema.

Langu nimelivua springi zote nne, nimerudisha za urefu wake wa mwanzo pamoja na shokapu mpya, maana zile za zamani zilikuwa zimechoka kwa kufanya kazi kwenye kipande kile kile kila siku. Na wewe mwenye gari lililoshushwa, jioni hii lipige jeki chini ya bodi, si chini ya mkono wa gurudumu, uweke na stendi za kulishikilia. Shika kila springi kwa mkono, usisahau za nyuma. Ulisema uliijaribu miaka mitano iliyopita. Utuambie leo ikoje.