Wakuu, siku za orientesheni yadi dereva analipwa au ndo tumetoa sadaka?

Semi_ya_Mkopo:
Habari za jioni wakuu. Nimepata kazi kampuni moja ya malori hapa Dodoma, semi, ruti ya Isaka na Rusumo. Leseni ninayo, daraja E. Sasa kabla ya kukabidhiwa gari tukaambiwa kuna orientesheni, tuko madereva sita, kuripoti saa moja asubuhi kutoka saa kumi na moja jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Siku mbili za kwanza kweli tulifundishwa, video za usalama, makaratasi ya mzigo, kukagua breki na tairi. Kuanzia ya tatu mpaka ya nane mwalimu hatukumuona tena, ni kukunja maturubai, kuosha matela, kumshikia fundi spana, grisi mkononi haitoki nikawa nakula ugali na kijiko kama mgonjwa. Msosi juu yako, mama ntilie wa getini ananidai buku kumi na sita. Mwisho wa mwezi mshahara umeanza kuhesabiwa siku niliyokabidhiwa gari. Meneja trafiki ananiambia "ulikuwa hujaanza kazi, ulikuwa unajifunza". Hii imekaaje?

Utingo_Mstaafu:
Pole kijana. Sisi tulijifunza kwa kulala chini ya tela miaka mitatu, ukipewa chai unashukuru, na hakuna aliyeiita orientesheni 😂 Ila zile siku mbili za video ningemwelewa huyo meneja. Hizo sita za turubai hapana, hapo amepata vibarua wa bure.

Fuso_mbili_Kibaigwa:
Mnaongea kama matajiri wote wanaogelea kwenye hela. Mimi nabeba mahindi Kibaigwa kwenda Dar, mwaka jana nilimchukua dereva nikamzungusha wiki nzima anajua gari, anajua wateja, namlisha, wiki ya pili kapigiwa simu na mwingine kaondoka kaniachia ufunguo kwa muuza duka. Nikilipa kila anayekuja kujaribu si nitauza gari? Dereva naye aweke jasho kidogo tuone nia.

Dada_wa_Mafaili:
Kaka Fuso pole lakini hilo la kukimbiwa ni la mkataba, halifuti siku za mtu. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi, swali ninalouliza ni moja tu, saa nne asubuhi angeweza kuvua reflekta akaondoka zake nyumbani? Kama hawezi basi yuko kazini, hata kama anaangalia video. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, zaidi ya hapo inalipwa mara moja na nusu. Sasa Semi piga hesabu, toa saa moja ya kula unabaki na 9, mara siku sita ni 54, kwa hiyo wiki ya kwanza tu una saa 9 za ovataimu juu ya mshahara. Halafu ulipewa mkataba wa maandishi? Kama hukupewa, mkibishana mliahidiana nini mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Anza na barua kwao, ubaki na kopi iliyopigwa muhuri, wakikaza nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, ila usilale, madai ya hela ambayo sio ya kuachishwa kazi yana siku 60.

Fuso_mbili_Kibaigwa:
Haya dada umenikamata. Nikimjaribisha mtu kutoka mjini mpaka Nala na kurudi je, nayo nilipe?

Dada_wa_Mafaili:
Kama hajabeba mzigo wako na ni kuona tu kama anajua gia, mpe hela ya soda muachane. Akishabeba gunia moja tu hilo sio jaribio tena.

Semi_ya_Mkopo:
Mkataba sina, walisema unakuja. Ila getini kuna daftari, tulikuwa tunasaini kuingia na kutoka kila siku. Kesho napakia naenda Isaka, alfajiri mlinzi akienda kuswali nalipiga picha kurasa zote nane.